Maua ya Vyungu Pwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa anayepanda maua kwenye vyungu, ndoo na vijisehemu vya ua katika ukanda wa joto wa pwani: Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Pemba, Mombasa, Malindi, Lamu. Mtu wa Iringa au Limuru ataona mengine hayamhusu, maana usiku wake una ubaridi ambao huku hatuupati. Utaona pia kwamba tunarudi kwenye mizizi kila mara. Watu hulaumu jua, lakini ukiung'oa mmea uliokufa na kuuangalia chini, mara nyingi utakuta mizizi imeoza, imeungua kwa joto la chungu au imekaushwa na chumvi.

Nianze na maua gani ambayo hayatanifia?

Bogenvilia, waridi la jangwani, vinka, haibiskasi, iksora na mwasumini. Vinka ni yale maua ya petali tano, meupe au ya pinki, yanayojiotea hadi kwenye nyufa za ukuta. Asili yake ni Madagaska, na joto letu halimpi taabu. Waridi la jangwani ni mwenyeji kabisa, kwao ni Afrika Mashariki na kusini mwa Uarabuni. Iksora haisumbui mradi udongo wako usiwe wa matumbawe. Wa matumbawe ukiwa nao, soma kwanza jibu la majani ya njano.

Ukikaa karibu na bahari kiasi kwamba upepo wa chumvi unafika dirishani, baki na bogenvilia, vinka na waridi la jangwani. Haibiskasi na miwaridi itababuka majani upande unaotazama bahari.

Roshani yangu ina jua miezi fulani tu. Nifanyeje?

Hilo ni la kawaida na lina sababu. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Kwa hiyo roshani inayotazama kaskazini hupata jua wakati wa kusi (msimu wa upepo wa kusini) na huwa kivulini wakati wa kaskazi (msimu wa upepo wa kaskazini), na inayotazama kusini huwa kinyume chake. Inayotazama mashariki ndiyo bora kuliko zote: jua la asubuhi hadi saa tano, kisha kivuli wakati wa ukali. Inayotazama magharibi hupata jua la alasiri pamoja na joto la ukuta uliokwisha kuchomeka tangu mchana, kwa hiyo weka bogenvilia na waridi la jangwani tu.

Kabla ya kununua chochote, hesabu saa za jua la moja kwa moja. Bogenvilia inataka sita au zaidi. Mwasumini na haibiskasi hutoa maua kwa nne hadi sita. Chini ya saa tatu, tafuta mimea ya majani na usijitie hasara.

Nilinunua mwaridi umejaa maua. Baada ya miezi miwili umebaki vijiti. Kwa nini?

Huenda ulikuzwa mahali pa baridi. Miwaridi ya biashara ya Kenya hulimwa hasa nyanda za juu kama Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako mchana kuna jua kali na usiku kuna baridi. Usiku wa baridi huuwezesha mmea kutunza chakula ulichotengeneza mchana. Pwani mwezi wa Februari usiku hushuka hadi nyuzi 25 tu, mmea unakitumia chakula chote kwa kupumua, na kinachobaki ni maua madogo yaliyopauka yanayopukutika kwa siku mbili. Hata Oman mashamba ya waridi la maji ya marashi yako juu kwenye Jabal Akhdar, hayako Muscat ufukweni.

Hii haimaanishi pwani haina waridi. Chagua aina zenye maua madogo yanayotoka kwa vishada, au waridi la kienyeji lenye harufu ambalo majirani wanalo tayari. Omba kijiti kwao. Chungu kiwe na upana wa sentimita 35 au zaidi. Kipate jua la asubuhi, kivuli baada ya saa saba. Pogoa mwezi Juni kusi likishaingia: ondoa matawi makavu na yanayosuguana, kisha punguza yaliyobaki kwa theluthi moja, ukikata nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje. Maua mazuri yatakuja Julai hadi Septemba. Kaskazi likianza acha mmea upumzike, usiulazimishe kwa mbolea.

Mchanganyiko gani wa udongo unafaa?

Kwa mimea mingi: ndoo mbili za udongo mwepesi wa shambani, ndoo moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza. Udongo wako ukiwa wa kunata kama mfinyanzi, sawazisha: ndoo moja ya udongo kwa moja ya mchanga. Mchanga wa ufukweni usitumie hata ukiusafisha, kwa sababu mbali na chumvi una chembe za magamba na matumbawe zinazofanya udongo kuwa wa chokaa.

Samadi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi, haina harufu ya mkojo na huwezi tena kutambua nyasi ndani yake. Ya kuku ni kali zaidi. Tumia nusu ya kipimo. Samadi mbichi hutoa amonia na kuunguza mizizi, na mmea hunyauka ndani ya wiki ilhali udongo umelowa.

Vumbi la makumbi ya nazi linashika maji vizuri na linaweza kuchukua nafasi ya nusu ya mboji. Lakini ulize limetoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili kutoa usumba yamejaa chumvi. Loweka vumbi kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, kamua, rudia mara tatu.

Kwa waridi la jangwani geuza hesabu: mchanga mkubwa au kokoto ndogo sehemu tatu, udongo sehemu moja, mboji kiganja kimoja tu.

Jaribio la mwisho ni hili. Jaza chungu, mwagilia. Maji yakisimama juu ya udongo zaidi ya dakika moja au mbili, ongeza mchanga kabla hujapanda.

Niweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke?

Hapana. Maji hayaondoki kwa hiari kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Hujikusanya juu ya kokoto hadi udongo ushibe. Unachopata ni tope lililopandishwa karibu zaidi na mizizi, pamoja na chungu kilichopungua kina. Ziba tundu kwa kipande cha chandarua ili udongo usitoroke, jaza udongo moja kwa moja. Matundu yawe matano au sita, kila moja la upana wa kidole.

Chungu cha udongo, plastiki au saruji?

Chungu cha udongo kinapumua na kupoa, lakini hukauka haraka. Plastiki hushika maji. Ubaya wake ni rangi nyeusi: ukuta wa ndoo nyeusi iliyo juani mchana huchemka kiasi cha kuua ncha za mizizi upande wa jua, na ndiyo sababu mmea wa juu unaonekana kuungua upande mmoja. Paka ndoo rangi nyeupe, au itumbukize ndani ya chungu kikubwa zaidi ukiacha nafasi ya vidole viwili pembeni. Kupanga vyungu karibu karibu ili vikingiane kivuli pia kunasaidia sana na hakugharimu kitu.

Saruji mpya hutoa chokaa. Jaza maji, mwaga, rudia kila siku mbili kwa wiki tatu ndipo upande. Na chochote utakachochagua, kisigusane moja kwa moja na sakafu ya saruji iliyo juani. Inua kwa vipande vya tofali.

Nimwagilie mara ngapi?

Wauza miche wa barabarani watakwambia kila siku, na kwao ni kweli kwa sababu viroba vyao ni vidogo. Ukihamishia mmea kwenye chungu kikubwa, kanuni hiyo inaua.

Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta pakavu, mwagilia polepole hadi maji yatoke chini, subiri dakika kumi, mwagilia tena kidogo. Chungu cha sentimita 30 huchukua lita mbili hivi. Kikombe kimoja kila jioni ni kosa: juu hulowa, chini hubaki pakavu, mizizi hupanda juu ambako joto ni kali zaidi. Baada ya wiki mbili utajua uzito wa chungu chako kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa, na hutahitaji kidole tena.

Kwa kukadiria tu: kaskazi, haibiskasi iliyo juani huhitaji kila siku, mwasumini kila siku au siku moja baada ya moja, bogenvilia kila siku ya tatu, waridi la jangwani mara moja kwa wiki. Kusi punguza karibu nusu, ila upepo ukiwa mkavu angalia tena.

Saa nzuri ni kati ya kumi na mbili na tatu asubuhi. Na mmea ukinyauka saa nane mchana huku udongo una unyevu, usiuguse. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyovuta; jioni yatasimama yenyewe. Yasiposimama na udongo bado umelowa, mizizi inaoza, na maji zaidi yataimaliza.

Ni kweli kumwagilia mchana huchoma majani?

Si kweli kwa majani laini yasiyo na vinyweleo. Tone halikai vizuri kiasi cha kukusanya mwanga wa kuunguza. Kinachochoma mara nyingi ni chumvi inayobaki tone linapokauka, au maji yaliyochemkia ndani ya mpira uliolala juani. Acha maji ya kwanza ya mpira yamwagike pembeni.

Nina maji ya kisima tu, na yana chumvi kidogo.

Dalili utaziona: ncha za majani zinageuka kahawia na kukauka, ukoko mweupe unajitokeza juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu. Mwasumini na iksora huumia mapema, bogenvilia huvumilia.

Kinga maji ya mvua; pipa moja la lita 200 linatosha kusafishia vyungu vichache. Mara moja kwa mwezi pitisha maji hayo kwenye chungu kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wake, polepole, yatoke yote chini. Usiweke kisahani siku hiyo, la sivyo chumvi itarudi ilikotoka. Kwangua ukoko wa juu utupe. Halafu, hili watu husahau: usiache chungu chenye maji ya chumvi kikauke kabisa, maana maji yakipungua chumvi iliyobaki huwa kali zaidi. Mbolea za chumvichumvi nazo zipunguze kwa nusu.

Majani yanageuka njano. Kuna ugonjwa gani?

Angalia ni majani yapi. Ya chini, yaliyozeeka, yakiwa njano yote: upungufu wa naitrojeni, au ni uzee tu kama ni mawili matatu. Ya chini yakiwa njano katikati ya mishipa: magnesi. Kijiko cha chai cha chumvi ya Epsom katika lita mbili za maji, mara mbili kwa mwezi, hurekebisha. Majani yote kwa pamoja, laini na yanadondoka: maji yamezidi.

Majani machanga ya juu yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani ni ukosefu wa madini ya chuma. Hili ndilo tatizo kubwa la Unguja, Mombasa na kila penye udongo wa matumbawe. Chuma kipo ardhini, lakini chokaa kinakifunga mizizi isikipate, hivyo misumari yenye kutu inayozikwa chunguni haisaidii. Nunua duka la pembejeo chuma cha kileti, yaani kilichokingwa ili chokaa kisikifunge, cha kutumia kwenye udongo wa chokaa, fuata kipimo cha pakiti. Wakati wa kubadilisha udongo, leta usio wa matumbawe na uongeze mboji nyingi. Achana na majivu na maganda ya mayai, maana yote mawili huongeza chokaa.

Bogenvilia yangu ina majani mengi lakini haitoi maua.

Umeidekeza. Bogenvilia ikipata maji na naitrojeni kila siku hurefuka tu. Ihamishie juani kabisa. Acha udongo ukauke mpaka majani yaanze kulegea, ndipo umwagilie kwa kushibisha. Endelea hivyo kwa wiki tatu hadi tano. Simamisha samadi na yurea. Vichipukizi vya rangi vikionekana rudisha maji ya kawaida, vinginevyo vitapukutika.

Katika nchi za mbali na ikweta ufupi wa mchana huiamsha bogenvilia. Kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo ukavu na mkasi ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Maua hutoka kwenye matawi mapya. Kila wimbi likiisha, kata kila tawi kwa theluthi. Pia usikimbilie kuipa chungu kikubwa. Hutoa maua vizuri zaidi mizizi ikibanana, na ukilazimika kuihamisha usivunje bonge la udongo: mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi, na mmea unaweza kudondosha majani yote kwa mwezi mzima.

Mwasumini wangu haunipi asumini za kutosha hata kikuba kimoja.

Mwasumini hutoa vikonyo vya maua kwenye ncha za matawi machanga, hivyo usipopogoa unabaki na mtambao mrefu wenye maua mawili huku na huko. Wimbi likiisha kata matawi yote, ukibakiza jozi tatu au nne za majani kila moja. Mwagilia, na baada ya wiki moja weka nusu kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 kwa chungu cha sentimita 30, ukiitawanya mbali na shina na kuifunika kidogo kwa udongo. Vichipukizi vipya hubeba vitumba ndani ya wiki tano hadi saba. Saa za jua zikipungua nne, hata upogoe vipi maua yatakuwa haba.

Chuma vitumba alasiri vikiwa vimejaa, vyeupe, bado vimefumba. Usiku vitafunguka vikiwa tayari kwenye kikuba au kwenye sinia kando ya kitanda. Kuchuma kila siku kunaurefusha msimu.

Naotesha vipi vijiti?

Anza masika yanapoingia, Machi au Aprili, hewa ikiwa na unyevu. Kwa mwasumini kata kijiti cha sentimita 12 hadi 15, kwa bogenvilia sentimita 20 na unene wa penseli. Kata chini ya kifundo kwa wembe safi. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu, na kama ni makubwa yakate nusu. Zika vifundo viwili kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na vumbi la makumbi lililooshwa, nusu kwa nusu. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kizibo kimefunguliwa, weka kivulini penye mwanga.

Mwasumini huchukua wiki nne hadi sita, bogenvilia sita hadi kumi na hukatisha tamaa. Majani mapya si ushahidi wa mizizi, kijiti kinaweza kuchipua kwa akiba yake kisha kife. Usikivute kuangalia. Geuza kikopo uone kama mizizi imefika matunduni.

Kijiti cha waridi la jangwani kinahitaji kukaushwa kivulini siku tatu hadi saba kabla ya kupandwa. Kitaota, ila hakitakupa lile shina nene lililovimba; hilo hupatikana kwa mbegu.

Shina la waridi langu la jangwani limekuwa laini.

Limeoza, fanya haraka leo hii. Vaa glavu. Ling'oe, osha mizizi, kata kila palipo laini au pa kahawia hadi ufikie nyama nyeupe ngumu, ukifuta kisu kwa spiriti kila mkato. Pakaza unga wa mkaa au salfa kwenye vidonda. Ning'iniza kivulini penye upepo siku saba hadi kumi, panda kwenye mchanganyiko mkavu, na usimwagilie wiki nzima. Masika yote liweke chini ya paa.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye haibiskasi.

Ni vidung'ata. Kata ncha zilizojaa, zitie kwenye mfuko na uufunge. Waliobaki wachache wafute kwa pamba yenye spiriti. Kisha nyunyiza maji lita moja yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji isiyo na jiki, jioni, hasa chini ya majani, kila siku ya tano mara nne. Mara moja haitoshi kwa sababu mayai hayafi. Jaribu jani moja kwanza usubiri siku moja.

Mwarobaini ni mzuri zaidi kwa muda mrefu: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa, lita moja ya maji, laza usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni kidogo. Hii nayo itumie jioni, maana jua huivunja nguvu.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, shughulika nao pia. Wanawalinda vidung'ata ili wanyonye utamu wao. Kama majani yana vidoa vidogo vilivyopauka na utando mwembamba chini yake, huo ni utitiri mwekundu wa kiangazi. Upige kwa maji ya nguvu upande wa chini kila asubuhi kwa wiki moja.

Naweza kupanda mlangilangi kwenye pipa?

Mlangilangi wa kawaida ni mti mkubwa, pipa litauchosha. Ipo aina fupi ya kichaka inayokubali chombo cha lita 60 na zaidi. Muulize muuzaji waziwazi ni ipi.

Na yale maua ya Usambara yenye majani ya manyoya?

Yalipelekwa Ujerumani kutoka Tanga miaka ya 1890 na leo yako madirishani dunia nzima, ila kwao ni miamba yenye kivuli. Usiyape jua la moja kwa moja. Tumia chungu kidogo cha sentimita 10, mwagilia kwa kukiweka kwenye bakuli la maji kwa dakika ishirini kisha umwage yaliyobaki. Majani haya ndiyo yale yenye vinyweleo, usiyaloweshe. Feni iwe mbali.

Visahani chini ya vyungu vina shida gani?

Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji kidogo kama hayo, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mwaga visahani na kusugua kingo zake angalau mara moja kwa wiki, kwani mayai hung'ang'ania ukingoni hata pakikauka. Au vijaze mchanga.

Nasafiri wiki mbili. Nani atamwagilia?

Kusanya vyungu vyote kivulini, vigusane, vimwagilie mpaka vishibe, funika udongo kwa makumbi au nyasi kavu unene wa vidole vitatu. Kata maua na vitumba. Kwa mwasumini na haibiskasi zika ncha ya kamba ya pamba kwenye udongo, ncha nyingine itumbukie kwenye ndoo yenye mfuniko iliyoinuliwa juu kidogo kuliko chungu. Ijaribu siku mbili kabla ya safari. Bogenvilia na waridi la jangwani hazihitaji kamba.

Yapo ya kuepuka nyumbani kwenye watoto na mbuzi?

Oleanda, kile kichaka cha maua ya pinki au meupe, ni sumu kila sehemu, hata moshi wa matawi yake. Utomvu wa waridi la jangwani umetumika Afrika kupaka mishale, kwa hiyo liweke juu pasipofikika, nawa mikono kila ukilikata, na usiyatupe mabaki yake kwenye majani ya mifugo.